Mbwa mdogo analia usiku kucha, naambiwa nimfungie gizani awe mkali, ni sahihi?

Binti_Uyole:
Habari zenu wakuu. Niko Mbeya huku Uyole, jirani kahama na mbwa wake alikuwa amezaa, akaniachia dume moja, chotara, mama ni koko wa kawaida na baba wanasema ni jemani shepadi. Ana kama miezi miwili hivi. Nataka aje kuwa mlinzi maana mtaa wetu sa hivi ukisahau ndoo nje asubuhi huikuti, kuku ndo usiseme.

Sasa analia usiku mpaka majirani wanalalamika, anakojoa popote anapojisikia na watoto anawang'ata miguu. Nampa ugali na maziwa ila naona anaharisha kidogo, na chanjo hajapata hata moja. Baba mdogo kaja juzi kasema mbwa wa ulinzi anafungiwa bandani gizani mchana kutwa asione mtu, analishwa pilipili na nyigu, ndo anakuwa mkali. Kiukweli roho yangu inakataa, na baridi hii ya Juni jamani kiumbe mdogo hivi. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie, nianzie wapi?

MamaKihesa:
Kamwene mdogo wangu. Iringa huku baridi ni hiyohiyo so naelewa. Analia kwa sababu alizoea kulala amebanana na mama yake na wenzake, leo yuko peke yake kwenye sakafu ya saruji, hata mtoto wa mtu angelia. Chukua boksi, weka gunia kavu na kitambaa chako ulichokwisha kukivaa ili asikie harufu yako, lilaze karibu na mlango wa chumba chako hizi siku za mwanzo. Chupa ya maji ya moto ifunge vizuri kwa taulo umwekee pembeni, ila aweze kusogea mbali nayo akizidiwa joto. Akishazoea unasogeza boksi kidogo kidogo mpaka linafika kwenye banda.

Mkojo usimpige wala usimsugue pua pale alipokojoa, haelewi kabisa unamwadhibia nini, atakachojifunza ni kujificha akojoe nyuma ya kochi. We mtoe nje akiamka tu, akimaliza kula, akimaliza kucheza na kabla hamjalala, mpeleke sehemu ileile kila siku na akikojoa pale msifie hapohapo, mpe hata kipande cha dagaa. Ndani pasafishe na siki, harufu ikibaki atarudi palepale.

Mnyakyusa_wa_Tukuyu:
Mimi nitatofautiana na wengine. Kwetu mbwa wote walifungwa mchana wakafunguliwa usiku na mwizi hasogei. Mbwa anayechezewa na watoto kutwa nzima atamlinda nani? Pilipili sijui, ila kufungwa kunasaidia, msimtishe dada wa watu.

BwanaMifugo_Njombe:
Mkuu wa Tukuyu, nakuheshimu, na mbwa mkubwa aliyekwisha lelewa vizuri ukimfunga mchana ukamfungulia usiku sina ugomvi, ili mradi ana kivuli, maji na nafasi ya kutembea. Hapa tunaongelea wa miezi miwili, na hapo ndipo watu wengi wanaharibu mbwa.

Dada, mbwa kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 14 ndo kipindi ubongo wake unaandika kipi cha kawaida na kipi cha kuogopa. Ukimfungia gizani miezi hiyo anatoka akiwa mwoga wa kila kitu, pikipiki, mvua ya mawe, mtoto anayekimbia, na mbwa mwoga ndo anayeng'ata hovyo, tena anaanza na wa nyumbani kwenu. Watu wanaona anang'ata wanasema mkali. Mwizi akija na fimbo, au akimrushia kipande cha nyama, huyo hana msaada kwako. Mlinzi mzuri ni yule anayewajua watu wake na eneo lake, akiona kitu kigeni anapiga kelele na ukimwita anakuja. Kubweka kutakuja chenyewe akikua, huna haja ya kukitafuta kwa mateso.

Pilipili inamuunguza tumbo tu. Nyigu akimng'ata kooni koo linavimba, anaweza kukosa pumzi akafa mikononi mwako. Naomba hii mila tuiache, nimeona vitoto vikiteseka bila sababu yoyote.

Sasa afya, maana hapo ndo haraka ilipo. Maziwa ya ng'ombe acha leo, mengi yanawaharisha. Kuharisha kukiwa na damu, au akitapika na kukataa kula, usisubiri kesho, inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi wa tumbo, na hiyo inaua kitoto ndani ya siku chache. Akiwa yuko mchangamfu, nenda kwa daktari wa mifugo wiki hii apewe dawa ya minyoo kwa uzito wake, inarudiwa kila wiki 2 mpaka afike miezi 3, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Hapohapo aanzishiwe chanjo ya parvo na distempa (ugonjwa mwingine hatari wa virusi wa mbwa), inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka kama wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa anachomwa akifikisha miezi 3 halafu kila mwaka, na kadi uitunze. Kabla hajamaliza chanjo usimwachie azurure mtaani kwa sababu parvo inakaa kwenye udongo miezi mingi, we mbebe mkononi aone watu, magari na ng'ombe.

Na ninyi wenyewe, mtu aking'atwa na mbwa msiyejua chanjo yake, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyohiyo. Kichaa dalili zikishaanza hakuna tiba.

Binti_Uyole:
Ndaga fijo wakubwa zangu, nimepata nguvu ya kumjibu baba mdogo kwa adabu. Anacheza vizuri na damu sijaona, kesho asubuhi namfunga kwenye kanga tunaenda kwa daktari. Ila chakula sasa nimpe nini kama sio maziwa? Na ana kupe masikioni, jirani ana dawa ya kuogeshea ng'ombe, naweza kumpaka?

FundiMbao_Mafinga:
Chakula mpe mara 3 au 4 kwa siku, kidogo kidogo. Usipa wa Kyela, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, upo mwingi sokoni Mwanjelwa, uoshe mchanga utoke, chemsha bila chumvi na usiweke kitunguu kabisa, changanya na ugali laini au viazi, yai la kuchemsha ukiwa nalo. Mifupa iliyopikwa ya kuku hapana, inapasuka vipande vyenye ncha.

Akiwang'ata watoto waambie wasipige kelele wala wasikimbie, wasimame tu kimya wamnyime mchezo, wampe kamba nene atafune. Meno yanaanza kubadilika akifika kama miezi minne so kutafuna kutaendelea kwa muda. Banda liinue kutoka chini, mlango usiangalie upepo, ndani weka maranda makavu, kwenye mashine za mbao huku tunayamwaga tu. Mfundishe jina lake na "njoo" kwa chakula, muda mfupi tu lakini kila siku, na nyumba nzima mtumie neno moja. Na ukimwita usije ukampiga, hata kama kaua kuku.

BwanaMifugo_Njombe:
Dawa ya ng'ombe USIMPAKE, ni kali kwa umri wake na atajilamba. Kupe wa masikioni mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi umvute taratibu moja kwa moja, bila kumchoma na kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa. Halafu omba dawa ya watoto wa mbwa kwa daktari kesho, na kama una paka nyumbani mwambie, dawa nyingine za kupe za mbwa zinaua paka. Nyongeza kidogo, mapafu na maini ya machinjioni mpe yaliyoiva tu, mabichi yenye malengelenge ya maji yanamwambukiza minyoo inayokuja kuwapata na watoto wa nyumbani.