Naomba ushauri: nimsimulie binti yangu hadithi ya Kifo?

Wandugu, niko hapa Goma. Tumemzika mama mwezi uliopita, na binti yangu wa miaka 6 kila usiku ananiuliza: "Kifo kilipitia wapi kumchukua koko?" Koko ndiyo bibi yake, mama yangu.

Mama mwenyewe alipenda kusimulia ile hadithi ya Rwanda. Imana, yaani Mungu, anamwinda Kifo, anaamuru watu wote wakae ndani. Bibi kizee mmoja anatoka kwenda shambani, Kifo anambembeleza, naye bibi anamficha Kifo ndani ya nguo zake. Basi Imana akawaachia watu Kifo wao.

Nikiisimulia nasikia sauti ya mama kabisa. Ila naogopa mtoto asije akadhani kizee yule ni koko wake, kwamba kosa ni lake. Mliolea watoto waliofiwa, mliwaambiaje?