Projekti ya kikundi: nichukue washkaji zangu au vipanga wa darasa?

Swali

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri wa haraka maana majina natakiwa niyapeleke kwa lekchara kabla wiki haijaisha. Tuna projekti ya semista nzima, inabeba asilimia 40 ya maksi za somo, kikundi ni watu wanne hadi sita na safari hii tumeambiwa tujichagulie wenyewe. Kazi ni kukusanya data, kuandika ripoti halafu kupresenti mbele ya darasa.

Sasa upande mmoja nina washkaji zangu watatu, muda wote tuko pamoja, ni watu poa sana ila mmoja wao kwenye asaimenti huwa anategea, tunamwandikia jina tu basi. Upande wa pili vipanga wawili wamenifuata wanataka tuungane, wana maksi za juu ila siwajui kivile na mmoja nasikia akishaamua lake hasikii la mtu. Nikiwaacha washkaji itakuwa kesi, nikiwachukua wote naiona kabisa ripoti nikiiandika peke yangu usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Nyie mliangaliaga nini? Na huyu anayetegea namwambiaje?

Jibu la 1

Mdogo wangu usidanganyike na maksi. Maksi za mtihani zinakuonyesha mtu akikaa peke yake na karatasi yake anafanyaje, hazikuambii kama atajibu meseji au atakubali sentensi yake ifutwe. Mwaka wa pili nilikuwa kwenye kikundi cha vipanga watupu, kila mtu akachukua sura yake akaenda kujifungia, tukaja kuunganisha siku ya mwisho. Sura ya tatu inasema tumehoji watu 60, jedwali la sura ya nne lina watu 52, na kila sura ina namna yake ya kuandika marejeo. Msimamizi swali lake la kwanza likawa hilohilo, wengine wanane wako wapi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu kwa sababu hakuna aliyesoma sura ya mwenzake.

Mimi sasa hivi naangalia kitu kimoja tu, mtu akisema Jumatano nakutumia, Jumatano inafika kitu kipo? Kama hakipo, amesema mapema kwamba kitachelewa? Huyo namchukua hata kama ana C.

Jibu la 2

Naongezea kwenye ukubwa wa kikundi maana hapo watu huwa wanapapita haraka. Chukua wanne, wasizidi. Wakiwa wanne mnakuwa na njia sita za mtu na mtu kuwasiliana, wakiwa sita zinakuwa 15, yaani kupanga kikao tu inakuwa kazi nyingine.

Halafu hili la kutegea lisichukuliwe kama ni tabia mbaya ya mtu mmoja tu. Kuna Mfaransa anaitwa Ringelmann, mwaka 1913 alichapisha majaribio yake ya watu kuvuta kamba, kadiri watu walivyoongezeka ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Latané na wenzake Marekani wakawaambia wanafunzi wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote, wakiwa sita kila mmoja alitoa kama asilimia 40 tu ya kelele alizotoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni ile kugongana tu, watu wakifanya kitu pamoja nguvu zao haziendi sawa, lakini hata walipofungwa macho na kuvalishwa hedifoni wakaamini tu kwamba wenzao wanapiga kelele nao, kumbe kila mtu yuko peke yake, bado walipunguza! Ila ukiendelea kusoma, mwaka 1981 hao hao wakaja kuonyesha kwamba mtu akijua sauti yake inapimwa peke yake, kutegea kunaisha.

Ndo maana nakwambia, yeyote utakayemchukua, kila kipande kiwe na jina la mtu mmoja toka siku ya kwanza. Siyo "wote tutaandika utangulizi", hapana, andika fulani, lini. Na ripoti iandikwe kwenye Google Docs muda wote, historia ya mabadiliko inaonyesha nani kaandika nini na saa ngapi, hakuna haja ya kugombana.

Jibu la 3

Mie sikubaliani na hii ya kuwakimbia marafiki. Rafiki unamjua akikasirika anakuwaje, unajua akinyamaza ana maana gani, hicho kitu kwa mgeni kinakula wiki kadhaa. Mwaka 2010 kulikuwa na utafiti wa Woolley na wenzake, watu 699 kwenye vikundi vya watu wawili mpaka watano, wakaona akili ya mtu mmojammoja haikueleza sana kikundi kitafanya vizuri kiasi gani. Kilichoonekana ni watu kupeana zamu ya kuongea na kusomana hisia. Kwa hiyo huyo kipanga asiyesikia la mtu mimi ananitisha kuliko mshkaji wako mtegeaji, kwa sababu mtegeaji utafanya kipande chake, huyu mwingine atawafanya watatu waliobaki wanyamaze.

Kabla ya kupeleka majina waulize wote, uso kwa uso, wewe hapa unatafuta A au unatafuta kupita tu? Wala usimhukumu anayetaka kupita, labda ana masomo aliyofeli anayarudia au anafanya kazi jioni. Ila anayetaka A na anayetaka kupita wakikaa kikundi kimoja lazima mmoja ataumia. Na muulizane ratiba, chukueni zile saa ambazo wote hamna kipindi, mkikosa hata saa mbili za pamoja kwa wiki hicho kikundi kivunjeni mapema.

Jibu la 4

Kuhusu huyo wa kutegea, usimtoe kimyakimya akaja kuona majina yamebandikwa, hapo ndo urafiki unavunjika. Mfuate akiwa peke yake, siyo kwenye grupu la WhatsApp. Mwambie "mwanangu mimi hii projekti naitegemea, asaimenti zilizopita vipande vyako tulivifanya sisi, nikikuweka nahitaji rasimu ya maswali ya dodoso toka kwako Alhamisi, ukiona hutaweza niambie sasa hivi na mimi na wewe tuko vilevile". Halafu nyamaza umpe nafasi aongee, unaweza kukuta anategea kwa sababu hajui kuandika kitaaluma na anaona aibu kusema, huyo mpe kukusanya data na kupresenti utashangaa.

Muuliza swali

Asanteni sana wakuu, mmenisaidia kweli. Nimeongea naye jana, kumbe takwimu ndo zinamtisha toka mwaka wa kwanza, ila kwenda kuhoji watu anapenda na ameomba hiyo kazi mwenyewe. Maswali ya dodoso ameahidi Alhamisi asubuhi. Kipanga yule anayesikiliza amekubali kuingia na anatafuta A kama mimi, mshkaji mwingine mmoja pia yupo, wa tatu ratiba zimegoma kabisa na ameelewa. Majina napeleka Ijumaa, maswali yakiwa yameingia.

Jibu la 4

Safi sana. Na yasipoingia Alhamisi mpigie siku hiyohiyo, usisubiri Ijumaa.