Skii bila kupitia kwa wakala: wapi pa kubana, wapi pasibanwe?

MtuWaKimara:
Wakuu, heshima yenu. Mimi na mama watoto tumeamua mwaka huu tuwapeleke watoto wakaone theluji na wajifunze skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni. Mmoja ana miaka 9, mwingine 13. Nilipita kwa wakala mmoja pale Posta, akanipigia hesabu ya Uswisi, nikamshukuru na kushuka ngazi taratibu. Kwa hela ile napaua nyumba na chenji inabaki.

Nataka kupanga mwenyewe. Kichwani nina Bansko, Bulgaria, nasikia huko ndiko wanakokimbilia wenye kipato cha kawaida. Nafasi yetu ni likizo ya Juni au ya Desemba. Na nguo je? Hapa nyumbani sweta ni la kwendea msiba Njombe tu. Naomba kuwasilisha.

JogooLaTandika:
Yaani mkuu unalipa ili upigwe baridi? Nenda Makete, bure kabisa. Haya, ngoja waje wajuzi, nimekaa pale.

BintiWaUpanga:
Kaka, nilisoma Munich, kwa hiyo huko Ulaya napajua kidogo. Likizo yenu ya Desemba inaangukia Krismasi na Mwaka Mpya, wakati bei ziko juu kuliko kawaida. Nafuu inakuja Januari baada ya sherehe, kabla likizo za shule za Februari hazijaanza kule. Januari hiyo wanao wako darasani.

Halafu viza. Bulgaria iliingia Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, kikamilifu Januari 2025. Mtu mzima analipa euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 euro 45. Huyo wako wa 13 analipa sawa na baba yake, kwa hiyo nyinyi wanne ni euro 315, na mkinyimwa hairudi. Bima ya safari ya angalau euro 30,000 za matibabu ni lazima, lakini soma maandishi madogo: bima nyingi za bei rahisi zinamridhisha afisa wa ubalozi tu, ajali ya skii haimo. Hapo usibane hata senti, maana kushushwa mlimani ukiwa umevunjika mguu kunaweza kumaliza akiba yote.

Ukienda hata hivyo, panga apatimenti yenye jiko, beba mikate na mayai ya kuchemsha, chakula cha mlimani kina bei ya mlimani. Skii na mabuti kodi, tena mapema mtandaoni, usisubiri duka la chini ya lifti ya kupandishia watu mlimani. Tiketi ya lifti ya mlima mzima siku ya kwanza ni hela ya kutupa, anayeanza anashinda kwenye mteremko wa kujifunzia. Mwalimu lipia. Kuna kina baba wanasema watawafundisha watoto wenyewe, na barafu wanayoijua ni ya samaki pale Feri!

DerevaWaSauzi:
Bansko ya nini na Lesotho ipo? Kuna kituo kinaitwa Afriski, milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Msimu wake Juni hadi Agosti, umeona likizo yako inavyokaa? Sauzi Mtanzania anaingia bila viza hadi siku 90, na Lesotho viza huhitaji. Zile euro 315 zishakuwa mafuta ya gari.

Unaruka Dar hadi Johannesburg, unakodi gari, kama saa tano unapitia Fouriesburg na mpaka wa Caledonspoort. Wanaendesha kushoto kama sisi. Ila mwambie mwenye gari mapema kwamba unavuka mpaka, akupe barua ya ruhusa, la sivyo unarudishwa. Mpaka huo haufunguliwi usiku kucha. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Rand inapokelewa Lesotho sawa kwa sawa na loti, hela yao wenyewe, kwa hiyo usibadilishe hela mara mbili.

Sasa bei: shule za Sauzi zinafunga kuelekea mwisho wa Juni, zetu zinatangulia. Nenda kabla yao, katikati ya wiki. Wikiendi wanamiminika kutoka Joburg.

BintiWaUpanga:
Mwambie na upande wa pili. Mteremko mkuu ni mmoja, kilomita moja hivi, na theluji nyingi inatengenezwa kwa mitambo. Juni mwanzoni inaweza kuwa haba, awaulize kabla ya kulipa.

DerevaWaSauzi:
Kweli dada. Lakini anayeanza hata mita mia hazimalizi bila kuanguka. Kilomita inamtosha.

MamaWaKarume:
Mmesahau nguo. Baba, njoo Karume kwenye soko la mitumba, ulizia wauza majaketi ya baridi. Nguo za skii zinakuja kwenye mabalo ya Ulaya na Kanada, na Dar hazigombewi, wengi wanaozitaka ni wapanda Kilimanjaro. Geuza ndani uone kama mishono imezibwa kwa utepe, na kama kuna kile kitambaa cha kubana kiunoni, kinazuia theluji isipande ukianguka. Mwagia maji ya chupa begani: yakitiririka chukua, yakizama rudisha. Zipu ifungue na kuifunga mbele ya muuzaji. Ndani msivae fulana za pamba, zikilowa jasho zinawaganda mwilini. Soksi iwe moja ndefu ya sufu, mbili zinabana mguu ndani ya buti.

Helmeti ya mtumba msinunue hata nikiwauzia mimi. Ufa wa ndani hauonekani. Kodini hukohuko.

MtuWaKimara:
Aisee, asanteni. Mama watoto amesoma uzi wote, kashachagua Lesotho, Jumamosi tuko Karume. Swali la mwisho kwa Dereva: gari dogo litafika, au nikodi la juu?

DerevaWaSauzi:
Dogo linafika, barabara ni lami mpaka kule. Shida ni mlima wa Moteng, unapanda vibaya sana na asubuhi barafu inashika barabara. Subiri jua lipige. Ikitabiriwa theluji nzito, uliza minyororo ya tairi palepale unapokodi, na kama hawana lala Butha-Buthe, mji wa chini ya mlima, halafu uupande kesho yake. Tangi lijaze hapohapo.