Magodauni ya zamani bandarini: nani amewahi kwenda? Tupeane uzoefu

Dereva wa Luzira: Jana nilishusha mzigo Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria. Harufu ya dizeli na samaki ikanikumbusha siku mzee wangu aliponishika mkono nione mabehewa ya treni yakiingizwa ndani ya meli, reli ikigusana na reli. Mliotembelea bandari zetu za zamani, leteni simulizi.

Binti Busoga: Namasagali, bandari ya zamani ya Mto Nile! Tulikwenda na mjomba wangu, aliyesomea pale, na kijana wa boda tuliyemchukua Kamuli. Mjomba akaanza kunieleza: pamba ilikuja kwa stima kupitia Ziwa Kyoga, ikashushwa pale, ikapakiwa kwenye treni ya Jinja, reli ya 1912. Miaka ya 1960 mwanzoni maji yakapanda, bandari ikafa. Alikuwa akisema huku anarudi kinyumenyume nimpige picha na mto. Ukingoni palikuwa na mbao kuukuu. Nikasikia ka! Mguu ukazama hadi pajani, na chini Nile inapita. Nikatupa simu, nikalala kifudifudi, nikamshika mkanda. Kijana wa boda akapiga kelele: "Dada usimvute, mtaingia wote!" Akaleta gogo, akalilaza juu ya tundu, mjomba akalikumbatia na kujitoa taratibu. Msumari wenye kutu ulimchana paja. Akadungwa sindano ya pepopunda usiku huohuo.

Mama Wawili: Yesu wangu! Pole dada.

Muvuvi: Mbao za majini haziaminiki kabisa.

Kijana wa Bweyogerere: Tusisahau, reli ilifika Kampala 1931.

Dereva wa Luzira: Hiyo ni ile ya kutoka Kenya. Ya Port Bell ilitangulia. Mizigo ilivuka ziwa toka Kisumu, ikapanda treni hapa.

Kijana wa Bweyogerere: Nimesema reli kuu!

Dereva wa Luzira: Hukusema kuu. Soma ulichoandika.

Mama Wawili: Jamani, mtu nusura azame, nyie mnagombania reli?

Muvuvi: Mimi Butiaba, Ziwa Albert. Nilitafuta bandari, nikakuta muziri, wale samaki wadogo kama dagaa, umeanikwa juu ya nyavu. Mzee mmoja akanyoosha fimbo ziwani: "Meli ya Robert Coryndon ilizama huko." Tukasimama kimya.

Jinja Mjini: Mwone LC, mwenyekiti wa kijiji, kwanza kabla ya kupiga picha.

Mama Wawili: Nilimwona, barua nikapewa, na bado mlinzi wa godauni moja alinifutia picha zote. Nililia njia nzima, maana babu yangu alibeba magunia pale.

Jinja Mjini: Basi nenda Jumapili, walinzi wako kanisani.

Muvuvi: Usimdanganye. Na vaeni gambuti, nyasi zile zina nyoka.

Jinja Mjini: Gambuti kwenye mbao zilizooza? Viatu vyepesi!

Mama Wawili: Binti, mjomba anaendeleaje? Na simu?

Binti Busoga: Amepona, anachechemea kidogo kukiwa na baridi. Simu tuliiokota nyasini. Picha ipo: anacheka, mikono kiunoni, na ubao aliokanyaga umeshapinda.