Naomba ushauri: Kihispania kina faida, au nitapoteza muda?

Mhasibu_Kimya: Habari zenu wakuu. Mimi ni mhasibu, Kiingereza changu si kibaya, na jioni nina nafasi. Nimepania Kihispania, ila kila ninayemgusia ananiambia nichukue Kifaransa. Kuna faida ya maana, au napendezwa tu na mlio wake? Naombeni ukweli, hata kama ni mchungu.

Nahodha: Mkuu, hiyo ni lugha rasmi ya nchi 20. Ukitoka Meksiko kwenda Argentina, unapita nchi kibao bila kubadilisha lugha. Hata Afrika ipo: Guinea ya Ikweta. Pia ni mojawapo ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa. Piga kazi.

Pilipili_Kichaa: Tusimdanganye mwenzetu. Lugha tupu haiajiri mtu, na tafsiri za kawaida siku hizi zinafanywa na mashine. Faida yako ni huo uhasibu. Mhasibu anayeweza kukaa kikaoni na wateja wa Kolombia akabishana nao kuhusu ankara, huyo anatafutwa. Ila kama unaotea mashirika ya Afrika Magharibi, hao wanaokwambia Kifaransa wako sahihi.

Mwl_Zuhura: Nafundisha lugha hii, niongezee. Mswahili anaanza na mtaji. Irabu ni zilezile tano, na unachokiona kwenye maandishi ndicho unachotamka, karibu kila mara. Kitenzi kinabeba mtendaji ndani yake: *hablo* ni nasema, *hablas* unasema, huhitaji kutanguliza "mimi" wala "wewe". Upatanisho nao hautakutisha: *libro rojo* (kitabu chekundu), *casa roja* (nyumba nyekundu), *casas rojas* (nyumba nyekundu, wingi). Aliyekulia kwenye ngeli ataona jinsia mbili ni mchezo.

Kazi iko kwenye vitenzi. Kila wakati una viambishi vyake kwa kila nafsi, na vile visivyofuata kanuni ndivyo vinavyotumika kila siku. Halafu kuna *ser* na *estar*, ambavyo vyote ni "kuwa" lakini havibadilishani, na dhamira tegemezi, yaani umbo la kitenzi la kusemea matakwa na mashaka. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi huanza kukosa vipindi. Anza kusikiliza mapema, maana Wakuba na Wachile wanameza herufi s utadhani wana haraka ya kwenda mahali.

Mhasibu_Kimya: Shukrani mwalimu. Na cheti je?

Mwl_Zuhura: DELE, mtihani wa Kihispania unaosimamiwa na Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Hispania. Ngazi ni A1, ya chini kabisa, hadi C2, ya juu kabisa, na cheti hakiishi muda. Kuna SIELE pia, lakini hiyo ni ya miaka 5. Ningekuwa wewe A1 na A2 nisingezilipia mtihani. Ningesubiri B2, ngazi ambayo mtu anaweza kujadiliana kazini bila kuomba arudiwe kila sentensi.

Nahodha: Ukifika hapo, soma gazeti la Kireno uone. Utaelewa mengi bila kufundishwa. Kuwasikia wakiongea ni habari nyingine kabisa.

Mhasibu_Kimya: Basi naanza na vitenzi. Pilipili, hilo la ankara limeniingia.