Lancaster au Mosquito: Uingereza ilipoteza vijana bure kwa kung'ang'ania injini nne?

Propela: Wakuu, naweka hoja mezani. Lancaster, ndege nzito ya mabomu ya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, inasifiwa kuwa ndiyo iliyoibeba Bomber Command (kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza) kuanzia 1942. Ziliundwa 7,377, na zaidi ya 3,200 zikapotea vitani, kila moja na watu saba ndani. Mosquito, ndege ya mbao yenye watu wawili, ilipeleka bomu la ratili 4,000 (kama kilo 1,800) hadi Berlin, na katika mashambulizi hayo ya usiku ilipotea chini ya moja kwa kila safari mia. Viwanda vya Lancaster vingegeuzwa viunde Mosquito tangu 1943. Nipingeni.

Beringi: Nakupinga kwa tarehe kwanza. Bomu hilo Mosquito ilianza kulidondosha Februari 1944, Düsseldorf, baada ya tumbo lake kutanuliwa. Kabla ya hapo ilibeba ratili 2,000 tu. Pili, injini. Lancaster yenye mzigo wa ratili 12,000 inatumia injini nne za Merlin. Mzigo huohuo kwa Mosquito ni ndege tatu, Merlin sita, marubani watatu na nevigeta (waongoza njia) watatu badala ya mmojammoja. Rubani hafyatuliwi kama tofali.

Tena Lancaster yenyewe ni tiba ya ugonjwa wa injini. Mama yake, ndege ya Manchester iliyoitangulia, alikuwa na injini mbili za Vulture: silinda 24 kwenye kranki moja, mafuta hayafiki vizuri, beringi za konrodi zinakatika, moto. Mbunifu wake, Roy Chadwick, akarefusha bawa, akafunga Merlin nne, ikaruka 9 Januari 1941. Kazi safi.

Propela: Unahesabu safari moja moja, mkuu. Usiku mrefu wa baridi Mosquito ileile ilikwenda Berlin mara mbili, wanabadilishana watu tu uwanjani. Lancaster haiwezi hilo.

Mwavuli: Mnabishana tani, mmesahau mlango. Kijilango cha dharura cha puani mwa Lancaster kilikuwa na upana wa sentimita 56 hivi, na mtu amevaa manyoya na parachuti kifuani. Cha Halifax, ndege nyingine ya Uingereza ya injini nne, kilizidi kwa sentimita tano tu. Mhimili wa bawa nao unakatiza katikati ya ndege, lazima uupande gizani huku ndege inazunguka. Mpiga bunduki wa mkia, parachuti yake imetundikwa nje ya kibanda chake: afungue milango nyuma yake, aichukue, aifunge, azungushe kibanda, ajitupe kinyumenyume. Nguvu ya haidroliki ikikata, anazungusha kwa mkono. Freeman Dyson, aliyekuwa mchambuzi wa takwimu wa Bomber Command, aliandika kwamba ndege ikidunguliwa, waliopona kwenye Halifax ni kama 25 kwa 100, na kwenye Lancaster 15. Kupanua tundu kungegharimu nini?

Rada: Naongeza tumbo. Lancaster nyingi hazikuwa na bunduki chini, na pale palifungwa rada ya kusoma ardhi. Wajerumani wakasimika mizinga inayotazama juu: wanajipenyeza chini ya ndege, wanalenga matangi ya petroli bawani, kwa risasi zisizoacha mwanga, na wenzao hawajui kilichotokea. Usiku wa kushambulia Nuremberg, 30 Machi 1944, zilitoka ndege 795 za aina zote, hazikurudi 95.

Ila Propela, ndege hizi hazikushindana. Mitambo ya Oboe, ya kuelekeza ndege kwa redio, ilihitaji ndege ipae juu sana ili mawimbi yaifikie Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani. Mosquito ikafika huko na kuangusha alama za kuonyesha shabaha, Lancaster zikafuata. Bila hivyo tungerudi kwenye ripoti ya Butt ya Agosti 1941, iliyopima usahihi wa mabomu ya usiku: kati ya ndege zilizodai kushambulia, moja tu kwa tatu ilifika ndani ya kilomita 8 za shabaha.

Beringi: Mwavuli umenishinda kwa mlango, hauna utetezi. Lakini Tirpitz, manowari kubwa ya Ujerumani, ilizamishwa 12 Novemba 1944 kwa Tallboy, bomu la ratili 12,000. Nani mwingine angelibeba? Chumba cha mabomu cha mita 10 bila kizuizi kilikuwa cha Lancaster peke yake.

Propela: Tallboy zilibebwa na vikosi viwili, cha 9 na cha 617. Nawaachia Lancaster za vikosi hivyo viwili na kiwanda kimoja. Zilizobaki zilikuwa zikichoma miji, Hamburg na Dresden, na hapo usahihi haukuwa hata kipimo. Tetea hizo zilizochoma miji, si za Tallboy.