Komandi ya bekapu na ya kurudisha, opsheni nizipangeje?

fundi_uyole
Wakuu heshima kwenu. Kuna chama cha wakulima wa kahawa huko Mbozi nimewatengenezea kakomandi ka bekapu ya databesi yao ya Postgres, ndani kanaita tu pg_dump na pg_restore. -b bekapu, -r kurudisha. Sasa juzi karani katika kuchukua bekapu kabonyeza mshale wa juu, ikamletea ile -r niliyoijaribu wiki iliyopita, akapiga enta bila kusoma, na mimi humo ndani nilishaweka --clean (inafuta kwanza tebo zilizopo) ili isinipigie kelele kwamba tebo zipo tayari. Rekodi za mizani za siku tano zikayeyuka, tumekesha tunaingiza upya kutoka kwenye stakabadhi. Niweke swali la ndiyo/hapana?

kamwene_tu
Pole mkuu. Herufi haina kosa hapo, kosa ni kurudisha juu ya databesi iliyo hai. Hata wenye pg_restore, tangu toleo la 12 lazima useme -d (databesi inakokwenda) au -f (faili), haikubali ukae kimya. Ya kwako iwe --kwenda jina, isiwe na jina la kudumu, na ikikuta databesi ina tebo igome. Mnarudisha kwenye kahawa_jaribio, mnakagua, ndio mnabadilishana majina. Na --clean itoe kabisa.

dada_seva
Ndiyo/hapana haisaidii asee, mwezi wa pili kidole kinapiga y chenyewe. Mwambie aandike jina la databesi lote kwa mkono, na kabla ya kufuta ichukue bekapu ya iliyopo. Ioneshe na jina la seva pia, GitLab (wale wa kuhifadhi kodi za programu) mwaka 2017 walifuta folda la databesi kwenye seva kuu wakidhani wako kwenye ile ya pili, kwenda kutafuta bekapu za pg_dump hakuna kitu, toleo la pg_dump lilikuwa 9.2 na seva 9.6, ikawa inagoma.

mbao_mafinga
Nje ya mada kidogo, paswedi usiiwekee opsheni, mtu akipiga ps (orodha ya programu zinazoendelea kwenye mashine) anaiona. Weka kwenye faili la ~/.pgpass, chmod 600 (mwenye faili tu ndiye alisome) la sivyo inapuuzwa. Na -p usiiguse, kwa mysqldump (bekapu ya MySQL, databesi nyingine) ni paswedi, huku ni poti, andika --poti yaishe.

fundi_uyole
Ndaga fijo. --clean nimeshaitoa. Ila karani anauliza kama lazima aandike jina lote, maana databesi niliiita ushirika_kahawa_mbozi_mpya2 😅

dada_seva
Aandike hivyo hivyo.